Balbu Aliyoifuta Mama Mkwe

Myamba, Jumatano. Ukungu umetanda tangu alfajiri. Nimeamka na hasira, nimeshinda nayo, na wala sioni sababu ya kuiacha.

Kamati ya kijiji inataka mashine ya kuonyeshea picha, ninayoiendesha mimi darasani, ishushwe bondeni Ndungu, akakabidhiwe mwanamume. Eti mwanamke haiwezi.

Nimekataa.

Jana darasa la watu wazima lilijaa, madirisha tumeyaziba kwa mablanketi. Tulikuwa tunaangalia picha ya kukinga mashamba ya mteremkoni yasimomonyoke, balbu ya mashine ikapasuka. Vipande vilibaki ndani ya mashine, hakuna aliyeumia. Lakini Mwenyekiti wa kijiji alishapata kisingizio alichokuwa anakitafuta siku zote.

Balbu hizi ni za halojeni, ndogo kama kidole gumba. Ndani mna uzi wa tungsteni na gesi kidogo. Uzi ukiwaka hupukutika polepole, na kwenye balbu za kawaida ule ungaunga huganda kiooni mpaka kioo kiwe cheusi. Humu gesi huudaka na kuurudisha kwenye uzi. Ndiyo maana mwanga wake ni mkali na haufifii upesi. Ila kioo lazima kiwe cha moto hasa, moto wa kubabua ngozi, na kioo cha namna hiyo hakitaki mafuta. Alama ya kidole tu yatosha. Penye mafuta hapo panazidi joto, kioo kinapasuka.

Aliyeigusa ni mama mkwe wangu. Ameniambia mwenyewe leo asubuhi, tukiwa jikoni.

Huku kwetu chemni, kile kioo cha taa ya mafuta, hufutwa kila alasiri, na nyumba yenye chemni nyeusi husemwa mpaka Maore. Mashine hulala kwangu. Juzi nikiwa shambani Mama akaifungua, akaona kioo cha balbu kina vumbi, akanionea huruma. Akakipangusa kwa kitambaa chake cha chemni, na mikono imetoka kwenye samli. Nitamkasirikiaje? Alikuwa ananisaidia kazi.

Mchana kamati ilipouliza nani aliharibu, sikumtaja mtu. Sikutaka mama wa watu awe habari ya kisimani. Kumbe naye yupo nyuma, amejifunga kanga, akasimama.

"Niliyeifuta ni mimi. Mama Elinami hana kosa," akasema akinionyesha mimi.

Mwenyekiti akamwamkia shikamoo, kwa adabu zote, kisha akasema mali ya umma si ya kuchezea na gari la kuichukua litakuja kesho alasiri. Mama akaitikia marahaba akaketi. Hapo ndipo nilipochemka kabisa.

Ujamaa gani huu, wa kulima pamoja na kubeba mawe pamoja, ila mashine ikifika inatafutiwa mwanamume? Wanaume wangapi wametuunguzia injini ya kinu cha kusagia, na nani aliwahi kuwashusha Ndungu?

Nimebakiwa na balbu moja. Kesho nitaitia mashineni nikiishika kwa kitambaa kisafi, mbele ya darasa, na Mama atakaa kiti cha mbele. Nimeshapita nyumba kwa nyumba, kina mama wote wanakuja mapema. Gari likifika litakuta picha inakwenda.

Anayeitaka mashine aingie, apite katikati yao, aizime mwenyewe.