Kisogo Chako, Mguu Wangu

Nyakundi ndugu yangu,

Kabla hujauliza habari ya wengine, uliza yangu kwanza, kwa sababu mimi Onsongo ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote kuanzia Keroka mpaka Nyaramba. Unakumbuka lile kovu la mguuni, pale bomba la moshi la pikipiki liliponiunguza tulipoanza biashara ya sufuria? Lilifunguka wakati wa kuvuna mahindi. Basi nikaenda hospitali. Daktari akaliangalia mara moja tu, akacheka: "Bwana, ngozi yako ni ya kiboko, nenda nyumbani ukanywe uji." Kiboko! Mimi nimeona Kisumu, nimeona Nakuru, nimelala Mombasa, lakini sijasikia mtu akisifiwa na daktari namna hiyo.

Haya. Sasa habari za hapa.

Pikipiki bado ni ile ile. Ikipanda mlima wa Kebirigo inakohoa kama mzee wa kanisa anayetaka watu wanyamaze. Sufuria bado nauza, ila kidogo, maana sauti ilikuwa yako. Mimi nikiita, watu wananunua kwa huruma. Wewe ulikuwa unavaa sufuria kubwa kichwani, unaigonga kwa mwiko, unaita, "Njooni kwa Mzungu wa Nyamira, Mzungu asiyejua Kizungu!" Watu wanacheka mpaka wanasahau kwamba walikuja kukushangaa. Zeruzeru wengine walifichwa nyumbani. Wewe ulisimama katikati ya soko.

Na ile sufuria, Nyakundi, ndiyo kofia pekee niliyokuona nayo katika milima yetu. Jambo hilo halinitoki.

Unajua tulivyokuwa tunavaa. Asubuhi, baridi ya huku na umande, tunageuza koti kinyumenyume, vifungo mgongoni, ili upepo usitupige kifua. Watu wote wa pikipiki walifanya hivyo na bado wanafanya. Wewe unakaa nyuma yangu, unaniimbia nyimbo za Sabato sikioni. Sasa koti likigeuzwa, kola inakuja chini ya kidevu, kisogo kinabaki wazi. Asubuhi tukielekea Kisii jua liko nyuma yetu. Jioni tukirudi Keroka liko nyuma yetu tena. Kila siku ya Mungu lilikuwa linakula mahali pamoja, nasi tunaimba.

Hatukuliogopa. Tulisema jua liko kule chini ziwani. Tukishuka Oyugis ulijifunika shuka kichwa kizima kama bibi harusi. Tukirudi juu unalivua, unavuta hewa: "Hapa kwetu jua halina meno." Nami nikaitikia, maana nani ataogopa jua na meno yake mwenyewe yanagongana kwa baridi?

Kidonda kilianza nyuma ya sikio lako kama punje ya mtama. Kikaota gaga, ukalibandua, likarudi. Mama yako akaweka majani, mimi nikaweka ile dawa nyekundu ya dukani, Bosibori mke wako akaweka maombi. Kikala vyote vitatu. Tulipofika kwa daktari mimi nikaanza utani: "Daktari, huyu ni Mzungu wa bandia, usimtoze bei ya Wazungu." Hakucheka. Alikuwa anapapasa shingo yako, pole pole, kama mtu anayetafuta kitu na hataki kukipata.

Akasema ni kansa, na imeshuka shingoni. Akasema baridi ya milimani ni ya hewa tu, jua la huku juu ndilo linalochoma zaidi. Halafu akanigeukia mimi: "Na ninyi weusi msijidanganye. Kovu la moto likifunguka na likakataa kufunga, mlilete upesi." Nikauvuta mguu chini ya benchi. Ulikuwa mzima wakati huo, naapa. Lakini niliuvuta.

Binti yako Kwamboka anatembea sasa. Ni mweupe kama wewe na ana kelele kama wewe. Mama yake amemshonea kofia pana yenye kitambaa cha nyuma kinachofika mabegani. Nikamwambia anishonee nyingine nyingi, nikaanza kuwavika wenye pikipiki pale Keroka. Bwana wa mifugo nimemvika. Mwalimu nimemvika kwa nguvu. Nawaambia, geuzeni koti mnavyotaka, lakini kisogo kifunikwe, na mwenye kidonda kisichopona aende hospitali leo, si kesho. Wananicheka: "Onsongo, umekuwa askari wa mkoloni?" Wacha wacheke. Wanavaa.

Bosibori ndiye hacheki. Juzi aliniuliza, "Shemeji, mbona unachechemea?" Nikasema kiatu kipya kinanibana. Akatazama chini. "Kiatu gani? Hizo ni akala za tairi."

Nyakundi, sokoni nzi wanapita nyama ya mchinjaji wanakuja kwangu. Nimefunga kitambaa, nimevaa suruali ndefu, wanakuja. Kingo za kidonda zimeinuka, ngumu, kama zako zilivyokuwa. Nikioga natazama ukuta. Nilikuosha shingo yako miezi ile yote mpaka tukakuzika, najua harufu yake, na asubuhi nikiamka naisikia chini ya blanketi langu mwenyewe. Najiambia ni wewe umekuja kunisalimu. Unaona ninavyopumbazika.

Lakini daktari si alicheka? Alicheka.

Ndugu yangu, lala salama. Kwamboka hatatoka nje bila kofia yake maadamu mimi ninapumua, na akiwa mkubwa nitamfundisha kuita watu sokoni kwa sauti yako. Na Jumatatu Bosibori atakaa nyuma yangu kwenye pikipiki, pale pako, anishike shati mpaka ndani kwa daktari, nisije nikageuza tena. Hilo nakuahidi, na yeye nitamwambia kesho baada ya kanisa.

Umeona, nimeandika "tena". Nilifika kwenye geti la hospitali nikageuza pikipiki. Hakuna daktari aliyeniona, hakuna aliyecheka, hakuna kiboko. Niliyoandika hapo juu ni uongo. Naogopa, Nyakundi.

Onsongo