Firigisi Niliyoila Mbele ya Basilika

Papa Furaha,

Nilianza na neno "mpendwa". Nikalitazama kidogo, nikaona lenyewe linaona haya, nikalifuta. Jina la mtoto wetu linatosha. Yeye hana kosa.

Barua hii anakuletea mzee wetu, Tonton Bahati, pamoja na glacière yako, lile sanduku la bluu la kutunzia baridi. Nimemwomba akusomee kwa sauti, hapo hapo kwenye meza yenu ndani ya Galerie, ule ujia wa maduka, kati ya saluni ya nywele na duka la vipodozi, rafiki zako wote wakiwepo. Usikasirike. Ulinisema mbele ya watu, nami nakujibu mbele ya watu.

Uliomba jibu. Miaka mitatu baada ya kuondoka, unataka kurudi nyumbani Koekelberg kabla Julai haijaingia. Ukasema jibu utalijua kwa njia ya kwetu: mume aliyekosa hutuma mzee na kuku, mke akimpika, na firigisi ikatua kwenye sahani ya mume, maneno yamekwisha, hakuna wa kuuliza tena. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Mwanamke haigusi. Nyanya yangu alituambia sisi wasichana kwamba atakayeila ataota ndevu.

Jibu lipo, utalipata. Lakini agiza kwanza kitu baridi. Mimi sina haraka. Kungoja nimefundishwa na wewe, na ulikuwa mwalimu mzuri.

Unakumbuka Juni yetu ya kwanza huku Ulaya? Tulikuwa na chumba kimoja na dirisha moja, na dirisha lenyewe lilitazama ukuta. Jua lilipotoka tulibeba sufuria tukashuka kwenye parc, ile bustani iliyo mbele ya basilika, dakika nne kwa miguu. Sufuria uliibeba wewe, umeifunga kwa kitenge changu, umeikumbatia kifuani. Bibi mmoja wa Kibelgiji akatusimamisha, akainama amwone mtoto, uso wake ukakutana na mvuke. Ukamwambia, kwa Kifaransa chako cha wakati ule, kwamba mtoto ana homa. Nilicheka hadi nikakaa chini njiani.

Tukakaa karibu na benchi la tatu, kwenye nyasi. Ukaitoa firigisi kwenye mchuzi, ukatazama kushoto, ukatazama kulia kama mwizi wa embe, ukaing'ata katikati, na nusu ukanipa mkononi.

"Kula," ulisema. "Huku hakuna mutu ya kwetu anatuona."

Nikala. Kanisani tuliapa kwa sauti kubwa na watu walipiga vigelegele, lakini mimi nilijihesabu mke wako tangu siku ile ya nusu firigisi. Hukujua hilo. Nami sikukuambia, nilidhani mambo kama hayo yanajulikana.

Kisha ukapata kazi ya kuvaa tai. Tukapata nyumba yenye balkoni. Na kila jua lilipotoka nilikuambia, "Papa Furaha, kuko jua, twende ku parc." Wewe ulikuwa mbele ya kioo, unajipulizia manukato.

"Nilikuya ku Ulaya juu ya kuikala ku nyasi? Nyasi ni ya mbuzi, mama."

Bon. Ukaenda kwenye Galerie, mahali penye paa na pasipo jua, mkakaa na rafiki zako mnapindua serikali za watu hadi jioni. Hakuna hata moja iliyoanguka, nilifuatilia.

Hayo yote nilikusamehe. Usidhani niko hapa kwa sababu ya nyasi. Niko hapa kwa sababu ya komunyo ya kwanza ya Furaha.

Sebule ilijaa. Kaka zako wawili walikuwa mezani, Tonton Bahati alikuwa mezani, na kuku alipoletwa mimi, kwa ujinga wa furaha, nikasimulia habari ya sufuria yenye homa. Watu wakacheka vizuri. Nikaendelea, nikafika kwenye nusu. Kaka yako mkubwa akaweka uma chini. Akakutazama. Nawe ukanitazama kama mtu unayemwona kwa mara ya kwanza kwenye kituo cha tram.

"Huyu? Firigisi?" ulisema. "Anaota. Bibi yangu ni mbuzi, mumupatie nyasi."

Meza nzima ilicheka. Tonton Bahati alicheka hadi akatoa leso, amekiri mwenyewe. Akifika hapa kwenye barua, asome bila kuruka mstari. Mimi nilikwenda jikoni nikakata keki vipande sawasawa, vyote. Kuitwa mbuzi hakukuniuma. Mbuzi ni mnyama wa heshima, hata kwenye mahari yangu alikuwemo. Kilichoniuma ni ile nusu. Uliitoa kinywani mwangu, mbele ya watu, baada ya miaka kumi na moja.

Miezi miwili baadaye ukaondoka na yule mama mwenye gari lisilo na paa. "Naenda kuona dunia," ulisema mlangoni. Gari lisilo na paa, katika mji huu! Tangu siku hiyo kila mvua ikinyesha nafungua dirisha nisikilize. Mimi si mtu mbaya. Napenda tu mvua.

Sasa kabla ya kuku, nikupe habari za nyumbani, maana najua unaziuliza kwa watu. Tai zako tano za hariri ulizosahau kabatini zina kazi: zimefunga miche ya nyanya kwenye fito, pale balkoni. Ile nyekundu ya harusi inashika kuliko zote. Kiti chako cha ngozi, kile ambacho mtoto hakuruhusiwa kukikalia, nimekitoa nje pia. Jioni nikirudi kutoka kwa wazee ninaowahudumia, nakikalia, miguu kwenye beseni la maji ya baridi, kibakuli cha fraises, zile stroberi, mapajani. Mwezi huu ziko tamu hata hazihitaji sukari. Shuka zimeanikwa, zinapepea. Jua linakataa kuzama. Furaha anasoma kwa sauti gazeti la matangazo la mtaa, anaigiza kila sauti, na jirani wa chini anagonga dari kwa ufagio, si kwa hasira, anataka arudie lile la paka aliyepotea. Nakwambia haya polepole ili uyaone vizuri. Hakuna hata kimoja kilicho mbali. Vyote vilikuwa hapa hapa ulipokuwa unajipulizia manukato.

Basi dimanche hii, Jumapili, Tonton alipanda ngazi zetu za ghorofa tatu na suti yake ya kijivu, anahema, glacière mkononi.

"Maman Furaha, kuku njo huyu. Wa soko, marché ya Midi. Firigisi iko ndani, bwana yako alihakikisha mwenyewe."

"Alihakikisha namna gani?"

"Aliingiza vidole. Muuzaji akamuuliza, monsieur, unatafuta nini mu kuku ya watu? Akamujibu: ndoa yangu."

Nilicheka, sifichi. Kunichekesha hukusahau. Ningekuwa bado na moyo wa zamani, labda neno lile lingetosha.

"Na yeye mwenyewe iko wapi?"

"Iko kule ku Galerie, anangojea. Sahani ikifika ku meza, nitamupigia telefone."

Hapo ndipo ulipokosea, Papa Furaha. Ulikumbuka kuku, ukakumbuka firigisi, ukakumbuka mzee. Njia ya kupanda ghorofa tatu ndiyo ilikushinda. Ulitaka usamehewe kwanza, ndipo uje.

Nikampika vizuri: vitunguu, nyanya, tangawizi, moto mdogo. Nyumba ikanukia kama zamani. Alipoiva, nikaifunga sufuria kwa kitenge.

Tonton akashangaa. "Alors, tunaenda wapi?"

"Ku parc, Tonton. Kuko jua."

"Na meza?"

"Nyasi."

"Mama, mi niko na suti."

"Njo maana nimebeba kitenge cha pili."

Alikuja. Mzee yule anapenda desturi, lakini kuku anampenda zaidi. Tukakaa karibu na benchi la tatu, basilika imesimama mbele yetu na kuba lake la kijani. Watoto walikuwa wanacheza mpira, vijana wamelala kifudifudi, mbwa mmoja mnene alikuja kutusalimia akafukuzwa kwa heshima. Nikampakulia Tonton paja. Nikampakulia Furaha paja la pili. Halafu nikaitoa firigisi, nikaiweka kwenye sahani yangu, peke yake, katikati, kama askofu.

Simu ya Tonton ikalia kwenye nyasi. Ilikuwa wewe.

"Usijibu, Tonton. Sahani haijafika ku meza. Hakuna meza."

"Mama," akasema, sauti chini, "ile ni ya bwana ya nyumba."

"Ndiyo, Tonton. Nani analipa nyumba, nani anaifagia, nani anaikala ndani?"

Simu ikalia tena. Tonton akaigeuza kifudifudi.

"Sitazami kushoto wala kulia," nikamwambia. "Ninataka watu wa kwetu waone. Weye njo watu wa kwetu. Angalia."

Nikaila. Yote. Nilitafuna kwa muda, maana ilikuwa ngumu kidogo, na katikati ya kutafuna meno yangu yalisimama yenyewe pale ulipong'ata wewe siku ile. Yalitaka kubakiza nusu. Nikayakataza.

Furaha alikuwa ananikodolea macho. "Maman, iko tamu?"

"Hapana sana. Lakini iko yangu."

Akanishika kidevu akakigeuza kwenye jua, anatafuta ndevu. Tonton Bahati alicheka, kicheko kile kile cha komunyo, akatafuta leso, na safari hii leso ilikaa machoni muda mrefu kuliko kicheko. Kisha akalegeza tai, akavua viatu, akanyoosha miguu kwenye nyasi, miguu iliyopauka ya mtu ambaye hajaota jua tangu alipofika Ulaya.

"Simu ikilia tena nitamuambia nini?" akauliza.

"Muambie tuko tunakula."

Simu haikulia tena. Tulikaa hadi kivuli cha basilika kilipotufikia, tukasogea, kikatufikia tena.

Sasa unajua. Furaha ni wako kama zamani: njoo umchukue Jumamosi, mpeleke popote duniani, ila atakuambia anapenda parc. Mimi sisemi neno baya juu yako mbele yake. Nimeyahifadhi yote, ndiyo haya.

Glacière nakurudishia. Wewe na mimi tulifundishwa jambo moja na mama zetu: chombo cha mtu hakirudi kitupu. Nimekijaza kwa mikono yangu, jioni ile ile, nikiing'oa pale karibu na benchi la tatu. Kifungue taratibu mbele ya rafiki zako.

Ni mbichi, Papa Furaha. Usisahau kutafuna.

Mimi,
Mama Furaha, mwenye nyumba