Nimemwambia Mkwe Binti Yangu Anasomea Utulivu

Mshauri mpendwa, shikamoo, na kama mimi ndiye mkubwa basi marahaba, naomba unisaidie kabla sijaharibu harusi ya mwanangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Mimi ni mshona sare za shule, darasani niliishia la saba, lakini tumbo hili limezaa msomi, kila mteja wangu ameshalisikia hilo, nawe naomba uliandike bila kulipunguza, binti yangu wa pekee yuko chuo kikuu anachukua shahada ya pili ya umeme, na si umeme huu wa kubadilisha balbu, huo hata mimi nabadilisha, ni ule wa nchi nzima. Aliwahi kunieleza kwa simu nikiwa napiga pasi kola za mashati, akasema, "Mama, mitambo yote ya kufua umeme imefungamana, hata iliyo mikoa tofauti inazunguka kwa mwendo mmoja, sasa mmoja ukizimika ghafla mingine inayumba, na mimi nasomea uthabiti wake, yaani nichungulie kama itatulia au itaangushana." Nikamwambia nimeelewa, mwanangu, na kweli nilielewa, ila kichwani likabaki lile la kutulia tu.

Sasa amepata mchumba, kijana anauza dawa kwenye famasi, mpole, ana meno mazuri. Mama yake, muuguzi mstaafu, akanipigia simu tufahamiane, akauliza binti anasomea nini, na mimi kwa raha zangu nikamjibu, "Anasomea utulivu, dada, tena shahada ya pili." Nikasikia anapiga makofi. "Utulivu! Kumbe siku hizi hadi chuo kikuu wanafundisha? Dada, mkwe wangu wa kwanza anaongea mpaka usingizini, safari hii Mungu ameniona!" Mshauri, hapo ndipo nilipotakiwa kusema ni utulivu wa mitambo, lakini sifa zilikuwa tamu, nikazimeza zote, na ubaya ni kwamba binti yangu hajui kunyamaza, kaka zake walimwita Kasuku tangu hajaota meno.

Siku kijana na mama yake walipokuja kwangu nikamvuta binti jikoni nikamwambia, "Leo ni ndiyo, hapana, na karibuni chai, basi." Akacheka akidhani namtania. Tukakaa sebuleni, chai imemiminwa, mara feni ya darini ikapunguza mwendo, ikaongeza, ikapunguza tena, taa nazo hivyo hivyo, kisha pu! mji mzima ukazimika. Mama wa kijana akatazama juu, "Jamani, huu umeme una nini, mbona ulikuwa unahema?" Mshauri, nilimwona mwanangu anajiweka sawa kwenye kiti, macho yamemwaka, maana hicho ndicho anachokisomea usiku na mchana, nami nikajua akianza hapo hatumzuii tena, nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akanitazama. Halafu akasema, "Sijui, mama."

Wageni wakaondoka wanamsifu hadi mlangoni. Mwanangu akaosha vikombe vyote, ndipo akaniambia, "Umenifanya niseme sijui, kwa kitu ninachokijua kuliko vyote. Mwambie yule mama ukweli, la sivyo mimi kwao siendi." Na Jumapili tunatakiwa huko kupanga siku ya harusi. Je, siwezi kumbembeleza anyamaze mpaka ndoa ifungwe tu, halafu aongee anavyotaka? Nisaidie, kitambaa cha gauni langu nimeshakikata.

Mama wa Msomi

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa Msomi, marahaba, na pole, ingawa barua yako nimeisoma nimeziba mdomo nisiwashtue wenzangu ofisini. Hongera kwa msomi, na kama ulivyoagiza sijapunguza kitu. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Unataka anyamaze mpaka ndoa ifungwe. Na kesho yake? Mama mkwe atarudisha mzigo dukani? Yule kijana anamfahamu Kasuku vizuri sana, hakuna mtu anayechumbia sauti asiyoisikia. Kamsikia, kampenda, kamleta mama yake. Anayedanganywa ni mama wa watu peke yake, na anayeumia ni mwanao.

Halafu wewe! Mtaa mzima umeuchosha na usomi wa binti yako, lakini siku usomi wenyewe ulipotaka kufungua mdomo sebuleni kwako, ukaukanyaga. Mguu utapona. Kinachomuuma ni kwamba jibu alikuwa nalo ulimini, na aliyemlazimisha kulimeza ni mama yake mzazi, yule yule anayemsifu kwa kila mteja.

Leo, usingoje Jumamosi, mpigie muuguzi. Mwambie hivi: "Dada, nilikosea neno. Binti yangu anasomea uthabiti wa umeme, mitambo isiangushane. Mwenyewe anaongea kuliko mimi." Usisingizie simu kwamba ilikuwa inakwaruza, nakujua. Akicheka, umepata ndugu. Akinuna, ni afadhali akununie wewe sasa kuliko kumnunia mwanao ndani ya nyumba yake.

Kisha mpigie binti. Muombe radhi, na usitie "lakini" ndani ya radhi hiyo. Muulize siku ile umeme ulipatwa na nini, halafu weka pasi pembeni umsikilize mpaka mwisho. Pale usipoelewa mwambie hujaelewa, atarudia, tena kwa furaha. Hakikisha una salio, maana hatamaliza mapema.

Ukizipiga simu hizo, Jumapili mtaondoka nyumbani wawili. Usipozipiga utakwenda peke yako kupanga harusi isiyo na bibi harusi. Acha kuniandikia mimi, mama. Piga simu.