Magongo ya Tremaine

Dwayne, lori linatoka Toledo sasa hivi na makochi ya Tremaine, nimeyapakia mwenyewe. Nyota wa timu yetu anahamishiwa timu ya Omaha kimyakimya!

Jana meneja wa timu si alitangaza goti limepona, Jumamosi anacheza? Leo namkuta na magongo mawili!

Nikamuuliza, "Utacheza kweli, bwana mkubwa?"

"Mzee Clyde, hata ngazi zinanishinda. Wanataka Omaha wanichukue kabla hawajashtuka."

Mama yake akafoka, "Funga mdomo, Tre!"

Magongo mawili, Dwayne! Kumbe wanamtoa mgonjwa ili Omaha waiachie timu yetu zamu yao ya kwanza ya kuchagua wachezaji chipukizi wanaoingia ligi.

Ni Ijumaa sasa. Daktari wa Omaha alilipima goti, mapatano yakavunjika. Meneja amefukuzwa. Tremaine anapasuliwa Jumatatu. Makochi yamerudishwa Toledo, nimeyashusha mimi mwenyewe, mama yake hakuniangalia usoni.