Ng'ombe Ana Kengele, Kinasa Safari Hakina

Jumamosi, Same. Ukungu umeukalia mlima tangu asubuhi, na mimi nimenuna tangu asubuhi hiyo hiyo.

Leo wamesimamisha msako.

Bwana mkaguzi aliyetoka Dar es Salaam kuchunguza ajali ya ndege ya kaka yangu Mbonea alikuja nyumbani, akamwamkia mama shikamoo, akanywa chai, ndipo akatueleza. Kinasa safari, kile chombo kinachorekodi mambo yote ya ndege mpaka inapoanguka, hakijaonekana. Mvua imeporomosha udongo msituni, huenda kimefukiwa. Bila hicho, taarifa itaandikwa kosa la rubani.

Rubani ni Mbonea. Tulimzika mwezi uliopita, na sasa wanataka kulizika na jina lake.

Jamani, hivi watu hawa wana akili timamu? Kijiji kizima kimepanda msituni. Mwenyekiti alipiga baragumu la msaragambo, kazi yetu ya pamoja, ujenzi wa darasa ukaachwa, kina mama wakabeba majembe. Tumechokonoa matope mpaka kucha zimekatika, tukitafuta kitu kinachoingia kwenye kapu, kisicho na hata mlio.

Nilishindwa kujizuia. Nikamwambia mkaguzi kwamba huku kwetu ng'ombe mwenye tabia ya kupotea hufungwa kengele, na hatukusubiri mtaalamu atufundishe. Wao wanatengeneza chombo cha kutafutwa baada ya ajali, halafu wanakiacha bubu. Kwa nini kisilie chenyewe? Kwa nini kisichomoke kabla ndege haijajichimbia ardhini?

Mama akanikanyaga mguu chini ya meza. Sikunyamaza.

Nilidhani mgeni atakasirika. Akaweka kikombe chini taratibu. "Mwalimu, hayo nayasema kila mkutano. Wananijibu ni gharama, na ndege hazianguki kila siku."

Hazianguki kila siku. Haya. Kwetu imeanguka mara moja tu, na inatosha.

Nikamwomba basi aandike kwamba chanzo hakijulikani. Akasema atajaribu, huku ameshaanza kutafuta kofia yake. Kujaribu! Watoto wa Mbonea wakizomewa shuleni nitawaambia nini, kwamba kuna bwana mmoja anajaribu?

Jioni nilikuwa bado nanung'unika jikoni niliposikia kengele bondeni. Ni ng'ombe wetu mtoro, anarudi, nami nikajua yuko wapi kabla sijamwona. Kengele ile aliinunua Mbonea kwa mshahara wake wa kwanza, maana utoto wake wote uliishia porini akimsaka mama wa huyu huyu ng'ombe.

Nikakaa kizingitini nikalia kwa sauti. Mama alinisikia, akaniacha nilie.

Nimeshaongea na mwenyekiti. Kesho ibada ikiisha, baragumu litapigwa tena na tutapanda. Wao wamesimamisha msako wao. Wetu hawakuuanzisha wao.