Nguzo Iliyoziba Ziwa

Nengo, Gisenyi

Théo, mudogo wangu,

Tuko wazima. Samaki zetu ndogo, sambaza, zimerudi kwa wingi ziwani Rubona, na binti yangu Belise ameanza kazi hotelini. Habari nzuri zimeishia hapo.

Sasa nyumba yako. We uko Lille, ukaona kwa video ile nguzo ya katikati ya saluni, pale sebuleni, ukamuambia fundi Nsengiyumva aivunje kwa sababu inaziba ziwa. Mi nilisimama mbele yake nikamuambia: "Baba, dale yote, hii dari ya zege, inakaa juu ya nguzo hii!" Unajua alinijibu nini? "Mama, mwenye nyumba amesema." Kumbe mutu akikaa Ulaya, hata zege linamutii?

Akaivunja. Wiki ile ile dale ikapasuka, ikaanza kushuka katikati. Tumeitegemeza kwa miti ya mikaratusi mpaka saluni imekuwa pori. Ziwa halionekani, mulango wenyewe hauonekani. Ulikataa nguzo moja, bon, njoo uhesabu zilizoingia!

Na we unapiga simu kuuliza rangi ya mapazia. Mapazia, Théo?

Mama yetu anakataa kuhama humo. Bado analala chini ya ule ufa, anasema mutoto wake hawezi kumujengea nyumba ya kumuua. Nimelia mbele yake, nimefoka, bure. Mupigie leo, umuambie kwa kinywa chako kwamba ulikosea, atoke. Mi hanisikii. Anakusikia we tu, kama yule fundi.

Yaya, dada yako mukubwa,
Uwimbabazi