Namba Imefika Pweto

Ijumaa, Nchelenge

Kumbe hata kuomba waniongezee siku za kupeleka hesabu ya kodi, lazima nipitie kwa Fidele.

Leo kwenye intaneti pale soko nilijaza yote vizuri. Mwisho mashine ikasema imetuma namba ya siri ku telefone. Telefone gani? Ya Fidele, bwana yangu, juu siku ile nilijiandikisha mimi sikuwa na yangu. Aliondoka nayo, akaoa mwingine Pweto, ng'ambo ya ziwa.

Nikapiga. Mwanamuke akaitika.

"Fidele eko ku ziwa. Ni nani?"

"Mama Ruth wa Nchelenge. Kuna namba imefika hapo. Naomba unisomee."

Nikasikia akiweka sufuria chini.

"Ngoja, mama."

Akanisomea polepole, mara mbili, kama mutu anayesomea mugonjwa.

Nikaiandika. Mashine ikakataa: muda wa namba umepita.

Kesho ndiyo mwisho wa kuomba. Itatuma namba ingine, na itafika kulekule. Itabidi nimupigie tena.

Kama angenitukana, ningejua la kufanya. Lakini alikuwa muzuri na mimi. Sina hata mutu wa kukasirikia.